Chumvi ya Ngozi

Siku hizi chakula cha mchana katika karakana ya vioo huliwa kimya. Mafundi hukaa juu ya makreti matupu, kila mtu na bakuli lake magotini, na kinachosikika ni vijiko tu na redio ya duka la mbao lililo jirani. Zamani haikuwa hivyo. Zamani palikuwa na mtu wa kuchekwa, na chakula huteremka vizuri zaidi mahali penye mtu wa kuchekwa.

Walimwita Almasi. Jina alilipewa kwa sababu ya kifaa chake cha kazi, kijiti cha shaba chenye punje ya almasi kwenye ncha, ambacho fundi aliyemfundisha alimwachia alipostaafu. Wenzake wote walitumia visu vya gurudumu, vile vya kununua dukani na kutupa. Almasi alikuwa akilaza kioo juu ya blanketi la kijivu, anashusha pumzi, kisha anavuta kijiti chake mara moja tu kutoka ukingo hadi ukingo, akisikiliza. Kioo kikikubali, alisema, hutoa mlio kama hariri inayochanwa chumba cha pili. Kikikataa hulia kama paka. Alikata madirisha ya mashule, meza za maofisi, vioo vya duara vya kujitazamia. Alikuwa mwembamba toka zamani, mpole, mtu wa maneno machache, na hakuna aliyewahi kumcheka mpaka alipoanza kula.

Alianza kula kama mtu aliyetoka kifungoni. Bakuli moja likawa mawili, na mkate wa kusindikizia, na karanga mfukoni za kutafuna akiwa njiani. Na kadiri alivyokula ndivyo alivyokonda. Suruali ikaanza kufungwa kwa kamba juu ya mkanda, na macho yakaanza kutokeza nje.

"Kaka, hilo tumbo limetoboka wapi?" msugua kingo za vioo alimuuliza. "Tunaona vinaingia, hatuoni vinapokaa."

"Huyu hali," mwingine akadakia. "Huyu anahamisha tu. Ana watu wake huko ndani."

"Na macho hayo! Bwana, usinikodolee, sijagusa nyama yako."

Mwanzoni Almasi alicheka nao. Kisha akaacha kucheka. Alitoka jasho wakati wengine wamevaa masweta, moyo ulimwenda mbio akiwa amekaa, na hasira, ambayo hakuwahi kujua anayo, ilimpanda kwa vitu vidogo, kama mlango ukibamizwa au mtu akimgusa bega. Kwenye shingo, chini ya koromeo, palikuwa pameota uvimbe laini uliopanda na kushuka alipomeza. Lakini haya yote angeweza kuyabeba. Jambo ambalo hakuweza kulibeba ni mikono. Asubuhi moja alivuta kijiti kwenye kioo kipana cha dirisha la duka, na kioo kikalia kama paka. Akavuta kingine, kikalia vilevile. Mwenye karakana alikuja akasimama nyuma yake, akamwambia asugue kingo kwa sasa, mpaka ajisikie vizuri.

Almasi hakuwa na ufundi mwingine, wala hakuwahi kuutaka. Akaenda hospitali kwa sababu ya mikono.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Alimwambia anyooshe vidole, akaweka karatasi juu yavyo, na karatasi ikatetemeka kama jani. "Tezi yako ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi," alisema. "Ni kama jiko ambalo mtu amelisahau wazi. Ndiyo maana unakula na unakonda." Vidonge vingeituliza kidogo, lakini dawa ya kumaliza kazi ilikuwa ni ya kunywa, yenye mionzi, nayo ilikuja kutoka mbali, mara chache kwa mwaka, na ilichacha upesi kuliko maziwa. Ilitengenezwa kwa madini joto, yaleyale yanayotiwa kwenye chumvi. Tezi huyala madini hayo popote inapoyaona. Kwa hiyo kabla ya dawa kuja, tezi ilitakiwa ikae na njaa, ili siku ikifika iimeze dawa yote kwa pupa na iungue.

"Kwa hiyo yeye ale, tezi isile," mkewe alisema. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha pili na mkoba magotini.

"Umeelewa kuliko wanafunzi wangu," daktari akamjibu.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishona sare na mapazia kwenye kibaraza cha nyumba yao, na mambo aliyashika kichwani kama anavyoshika vipimo vya watu. Alivishika na vyakula vyote: samaki hapana, mayai hapana, maziwa hapana, mkate wa dukani hapana wala biskuti, kwa kuwa hujui wametia chumvi gani. Viazi ndiyo. Wali ndiyo. Nyama kiasi, maharage, mboga, matunda, karanga zisizo na chumvi. Kahawa na chai kali aziache kwa ajili ya moyo. Mtu mwenye njaa ya watu watatu akafungiwa nusu ya chakula cha dunia.

Na chumvi. Madukani pakiti zote zilikuwa na maandishi yaleyale makubwa, kwamba zimeongezwa madini joto. Mkewe alizunguka soko zima. Mwishowe akakumbuka ghala la ngozi nyuma ya machinjio, ambako ngozi za ng'ombe hupangwa moja juu ya nyingine na kumwagiwa chumvi ya mawe zisioze. Chumvi ile haikuongezwa kitu.

"Unataka kumkausha nani, mama?" mlinzi wa ghala alimuuliza alipoona mfuko wake mdogo.

"Mume wangu."

Mlinzi alicheka mpaka akakohoa, akamfungulia gunia jipya ambalo halijaguswa.

Aliiyeyusha ile chumvi kwenye maji, akaichuja kwa kitambaa cha bitana, akaianika kwenye sinia juani mpaka ikarudi mawe meupe. Mawe hayo yalitaka kutwangwa kila siku mbili tatu. Hapo ndipo mama mkwe alipoingia.

Mama yake Almasi aliishi nao kwenye chumba cha nyuma. Mtaani walimwita Mwalimu, maana alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na ukutani kwake bado palikuwa na bango alilopewa na watu wa afya alipokuwa kijana, lenye picha ya mwanamke mwenye rovu kubwa shingoni na pakiti ya chumvi pembeni. Somo hilo alilifundisha maisha yake yote ya kazi. Alitembea nyumba hadi nyumba akiwaambia akina mama wapime chumvi yao. Aliona watoto waliozaliwa wazito wa akili, na aliona wadogo zao waliozaliwa wazima baada ya chumvi kubadilishwa. Hakuna jambo lingine aliloliamini hivyo, baada ya Mungu.

"Mwanangu ana rovu," alisema jioni waliyorudi kutoka hospitali, "na nyinyi mnaniambia mnamnyima madini joto."

"Mama, rovu ziko za aina mbili," mkwe wake alimwambia. "Kuna tezi yenye njaa na kuna iliyovimbiwa. Hii imevimbiwa."

"Nani kasema?"

"Daktari."

"Ana umri gani huyo daktari?"

Almasi akapiga meza. Sahani ziliruka. "Mama, basi. Ni mikono yangu. Niacheni niponye mikono yangu." Mama yake akainama juu ya wali wake. Kesho yake asubuhi alimwambia mkwe wake, kwa sauti laini kabisa, "Wewe una cherehani, mwanangu. Kinu nipe mimi. Hii mikono yangu haina kazi."

Mkwe akashukuru. Tangu siku hiyo mchi ulisikika kutoka chumba cha nyuma, pole pole, kama mtu anayebisha hodi bila haraka, na kopo la chumvi jikoni halikukauka.

Almasi hakuwahi kuwa mwaminifu kwa kitu kama alivyokuwa kwa chakula kile. Alibeba bakuli la viazi kwenda karakana na wenzake wakamwambia amegeuka panya wa ghalani. Msugua kingo mwenzake alimsogezea yai la kuchemsha chini ya pua, kwa utani, na Almasi alilitazama lile yai kama watu wanavyotazama nyumba walimozaliwa. Jirani akikaanga samaki, alitoka nje akasimama barabarani mpaka harufu iishe. Mkewe alimwokea mkate mwenyewe, mzito kama tofali, na ili asijisikie vibaya akaacha na yeye mayai na maziwa, akala naye kile anachokula. Walikaa mezani watu watatu, wakitafuna, na mara nyingine yeye na mkewe walicheka kwa sababu hapakuwa na jingine la kufanya.

"Ukipona," mkewe alimwambia, "nitakukaangia mayai mpaka uombe msamaha."

"Nikipona nitakukatia kioo cha kabati chenye ncha za maua."

"Maua sitaki. Nataka kisichopinda uso. Kile cha sasa kinanionyesha kama nimemeza embe."

Siku ya dawa ikafika. Kabla ya kumpa, walimpima mkojo, wakamlaza chini ya mashine ya kupiga picha tezi. Daktari yule wa sauti ya chini hakuwepo. Alikuwepo daktari kijana mwenye haraka, aliyerudi na majibu, akavuta kiti akakaa karibu mno.

"Mzee, umekuwa ukila nini?"

Almasi akamtajia.

"Sikia. Mwili wako umejaa madini joto. Mtu hafikii kiwango hiki kwa kula viazi. Tezi yako imeshiba, nikikupa dawa leo nitakuwa nimeimwaga." Akasimama. Dawa haikuweza kungoja, akapewa mgonjwa mwingine aliyekuwa benchi la nje. Ya pili ingekuja baada ya miezi, labda.

Almasi alitembea mpaka nyumbani kwa miguu. Jasho lilimtoka, moyo ulipiga mpaka kwenye meno. Mkewe alikuwa kibarazani akishona pindo, na mama yake alikuwa amekaa karibu na mlango, kinu katikati ya magoti.

"Umenifanya nini?" alimwambia mkewe.

Mkewe akaacha kukanyaga cherehani. "Kumetokea nini?"

"Wameniambia nimejaa madini joto. Nimejaa mpaka hapa. Mimi sijaonja kitu nje ya nyumba hii, hata maji. Anayenipikia ni nani?"

"Chumvi nimeisafisha kwa mikono yangu."

"Basi imetoka wapi? Imeniingia usingizini?"

"Sijui. Twende tukaulize, labda wamekosea—"

"Ulichoka," Almasi akasema. "Ulichoka kwenda ghalani, ukachukua ya dukani, ukasema huyu atajuaje. Au unangoja nife? Sema tu. Kuna mtu anangoja na wewe?"

Majirani walikuwa wamesimama. Mkewe alimtazama muda mrefu, sindano ikiwa bado kwenye kitambaa, kisha akamtazama mama mkwe, kama mtu anayetafuta pa kushika. Mama mkwe alikuwa akitazama shingo ya mwanawe. Alikuwa amesikia neno moja tu katika yale yote, kwamba mwili umejaa. Dawa yake imeingia, aliwaza. Sasa rovu litapungua. Kuhusu hayo mengine, mume na mke hugombana, na mume na mke hupatana. Akatwanga kidogo, akaacha.

Mkewe hakuondoka siku ile. Alimaliza kwanza mapazia ya watu. Kisha akamwita dada yake aje na mkokoteni kwa ajili ya cherehani.

"Nimekula nawe mkate ule wa tofali," alimwambia Almasi mlangoni, bila kupandisha sauti. "Sikuuliza kwa nini. Na wewe hukuniuliza kitu, uliniambia tu."

Mvua zilipokuja, nyasi za nyuma ya jiko ziliota upya. Almasi alikuwa ametoka kumwaga maji ya kuoshea viazi alipoona kwamba mahali pamoja hazikuota. Palikuwa chini ya dirisha la mama yake, pakubwa kama sinia, udongo mweupe wenye nyufa, na nyasi za pembeni zimeungua kana kwamba mtu aliwasha moto. Akachuchumaa. Macho ya fundi kioo hayapiti kitu kinachong'aa. Akaokota kijiwe cheupe, akakilaza ulimini: chumvi.

Ndani, mchi ulikuwa ukitwanga. Akasikiliza, kama alivyokuwa akisikiliza kioo. Mawe yakitwangwa hukwaruza. Hiki kilichokuwa kinuni hakikukwaruza kabisa. Kilikuwa laini tayari.

Akaingia. Mama yake alikuwa amekaa kitandani, kinu mbele yake, na pakiti ya dukani pembeni, haikufichwa hata kidogo, maana tangu mkwe wake aondoke hakuna aliyeingia chumba kile.

"Mama, hii ni nini?"

"Chumvi."

"Na ile kule nje?"

"Ile ya ngozi." Alimtazama kwa utulivu wa mtu aliyengoja kuulizwa. "Ulitaka nifanye nini, baba? Nikae nitazame mwanangu anakaushwa kama ng'ombe? Watoto wa watu wote wa hapa niliwaponya kwa chumvi hii. Wangu nimwache?"

"Ulinisikia nikimfukuza mke wangu."

"Nilisikia."

"Ukanyamaza."

"Nilijua ukipona utamfuata. Nikisema, ungeacha kula." Akanyoosha mkono, vidole vyenye unga mweupe, akagusa uvimbe wa shingo ya mwanawe kwa upole kama zamani alipompima homa. "Umepungua. Wewe huoni tu, mimi naona."

Haukuwa umepungua. Almasi alitaka kukasirika, yeye ambaye siku zile alikasirikia hata milango, na hasira haikuja. Alichukua pakiti, akaibeba mpaka jikoni, akaiweka mezani, akakaa kuitazama.

Nyumba ya dada wa mkewe ilikuwa ng'ambo ya soko. Alimkuta mkewe kibarazani kwa watu, cherehani ileile, mgongo uleule. Alimweleza yote akiwa amesimama. Mkewe aliendelea kukanyaga mpaka mshono ukafika mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Pole," akasema.

"Rudi nyumbani."

"Ningekuambia siku ile kwamba ni mama yako, ungeniamini?"

Almasi akajifuta jasho shingoni.

"Mimi nilijua si mimi. Nyumba ina watu watatu. Hesabu yake si ngumu." Alikunja kitambaa. "Ila ulihesabu ukanipata mimi tu."

"Nilikuwa mgonjwa."

"Najua ulikuwa mgonjwa. Ndiyo maana bado niko kwa dada yangu, sijaenda mbali." Katika maneno hayo kulikuwa na nafasi, ndogo, lakini mtu mwembamba angeweza kupita. Dada mtu akatokeza na sahani ya wali na maharage yanayofuka moshi, akaiweka mbele ya mgeni.

"Karibu chakula, shemeji."

Njaa ilimshika Almasi tumboni kama mkono. Akavuta sahani. Na kwa mazoea ya miezi yote ile, bila kuwaza, bila ubaya wowote, akauliza, "Ina chumvi gani?"

Dada mtu alimtazama mdogo wake. Mkewe akacheka, kicheko kifupi, kama kioo kinachokatika mahali pasipopangwa.

"Umeona," alimwambia dada yake.

Akarudisha kitambaa chini ya sindano, akaanza kukanyaga, na hakuinua tena kichwa. Almasi alikaa mbele ya sahani mpaka ikaacha kufuka moshi. Hakuila.

Dawa ilipokuja mara ya pili, alipita vipimo. Alikuwa amejipikia mwenyewe kwenye chumba cha kupanga alikohamia, chumvi aliifuata mwenyewe ghalani. Akanywa kile kikombe kidogo kisicho na ladha, akatengwa na watu kwa muda, ambao haukuwa tofauti sana na muda mwingine. Tezi ikaungua kama ilivyoahidiwa. Mwili ukarudi, suruali ikabana, mikono ikatulia juu ya meza kama mawe. Lakini macho yaliyokodoka hayakurudi ndani. Yalikuwa yameachwa muda mrefu mno, daktari wa sauti ya chini alimweleza, na kwa sauti ile ilionekana kama anaomba radhi kwa niaba ya mtu. Alikwenda karakana, akalaza kioo juu ya blanketi la kijivu, akashusha pumzi. Mkono haukutetemeka. Tatizo ni kwamba aliona mistari miwili pale alipochora mmoja, na hakujua upi ni wa kweli. Akaacha kijiti cha shaba mezani. Mafundi walikuwa wakila, na hakuna aliyekumbuka utani wowote.

Mama yake bado anaishi katika nyumba ile, na bango bado liko ukutani. Almasi humtembelea kila wiki, humpelekea mboga na mkaa. Hula kabla ya kwenda.

Sasa anafanya kazi kwenye ghala la ngozi nyuma ya machinjio, kazi ya kutandaza ngozi na kuzimwagia chumvi kwa koleo. Ni mnene kidogo, humeza kidonge kimoja kila asubuhi cha kushika kazi ya tezi iliyoungua, na daktari amemruhusu kula chochote anachotaka.